KUITAWALA NURU: PICHA YA UA KATIKA VITA DHIDI YA KAYONGO

Wako askari wanaodhani kwamba kupiga picha ya ua ni kazi ya watalii na watengenezaji wa kalenda, wala haimhusu mtu aliyevaa buti. Dhana hiyo haifai kushikwa katika nchi ya mpakani. Katika mashamba ya Busia, upande wa Uganda na upande wa Kenya, na katika mashamba ya Tororo hadi Malaba, liko ua moja la rangi ya zambarau nyepesi, zuri la kutazamwa, ambalo likishachanua katikati ya mahindi au mtama huwa mwenye shamba amekwisha kupata hasara. Watu wa magharibi mwa Kenya huliita kayongo. Tanzania huitwa kiduha. Wataalamu wa mimea wamelipa jina la Striga hermonthica.

Twaandika juu ya ua hilo, na juu ya namna ya kulipiga picha iliyo ya kweli, kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu tulio katika majeshi na polisi ni watoto wa wakulima, na sehemu ya mshahara wetu hurudi katika mashamba hayo hayo kununua mbegu na jembe. Pili, askari wa siku hizi hubeba kamera mfukoni mwake, ndani ya simu ya mkononi, na hufika mahali ambapo bwana shamba hafiki kila juma. Chombo anacho. Lililobaki ni kujua kuitawala nuru.

ADUI ASIYEPITA KITUONI

Kayongo haliishi kwa jasho lake. Mbegu yake, ambayo urefu wake ni kama sehemu ya tatu ya milimita, hulala udongoni ikingoja. Mzizi wa mhindi, wa mtama, wa ulezi au wa muwa ukipita karibu, hutoa kemikali ambayo huiamsha mbegu hiyo. Mbegu huchipua, hung'ang'ania mzizi, na kuanza kunyonya maji na chakula. Madhara makubwa hutendeka chini ya ardhi kabla mkulima hajaona hata jani moja. Mmea mmoja ukiachwa ukomae waweza kumwaga mbegu makumi ya maelfu, nazo zaweza kukaa hai udongoni kwa zaidi ya miaka 10.

Mwaka 2018 kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa Busia, ili msafiri na shehena yake wakaguliwe mara moja badala ya mbili. Mbegu ya kayongo haina haja na kituo hicho. Huvuka pamoja na mbegu chafu za nafaka, huchukuliwa na maji ya mvua, hufuata kwato za ng'ombe, na huganda katika tope la buti za doria. Kwa hiyo si busara kuling'oa kayongo lililokomaa na kulibeba mkononi kwenda kulionyesha katika tarafa nyingine, maana kila hatua ya safari hiyo yaweza kuwa hatua ya kupanda.

Kinachofaa kusafiri ni picha. Na ikiwa picha ndiyo itakayosafiri badala ya mmea, basi yapasa iseme kweli sawasawa na taarifa ya doria: isizidishe, isipunguze, isifiche. Hapo ndipo nuru inapokuwa jambo zito.

RAFIKI NA ADUI WA RANGI MOJA

Msomaji aweza kuuliza: je, ua la zambarau si ua la zambarau tu? La hasha. Tangu miaka ya 1990 watafiti wa shirika la ICIPE, katika kituo chao cha Mbita kando ya Ziwa Victoria, pamoja na wenzao wa Kenya na wa Uingereza, wamewafundisha wakulima njia ijulikanayo kama sukuma-vuta. Katika njia hiyo mmea uitwao desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na mabingobingo, yaani nyasi za nepia, huzungushwa pembeni mwa shamba. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo wa viwavi watobozi wa mabua, na nyasi za pembeni huwavuta. Aidha, mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazolizuia kayongo lisiushike mzizi wa mhindi. Njia hiyo imefika pia mashariki mwa Uganda.

Basi desmodiamu ni rafiki, lakini nayo huchanua maua ya waridi na zambarau. Mkulima mgeni wa njia hii, au askari aliyetumwa kusaidia kung'oa magugu, aweza kumwua rafiki na kumwacha adui. Alama za kuwatofautisha zipo, ila ni ndogo. Desmodiamu ni mmea wa jamii ya kunde: hutambaa, jani lake limegawanyika mara tatu, na aina moja ina mstari wa rangi ya fedha katikati ya jani. Kayongo husimama wima, majani yake ni membamba na yakiguswa hukwaruza, na maua yake hupangika katika shuke. Kila ua lina mrija mwembamba ambao hupinda ghafula kabla petali hazijatandazika.

Kuna na ndugu yake kayongo, Striga asiatica, mfupi zaidi, ambaye maua yake katika nchi zetu huwa mekundu kwa kawaida, naye hujulikana sana katika pwani na Tanzania. Mtaalamu akitaka kuwapambanua ndugu hao wawili hutazama kikombe cha kijani kinachoshika mrija wa ua: kayongo letu lina mistari mitano iliyoinuka, na mwenzake ana karibu kumi. Mistari hiyo ni membamba kama uzi. Picha iliyopigwa vibaya huifuta yote.

Katika miaka ya 2000 mbegu ya mahindi iliyotiwa dawa dhidi ya gugu hili iliuzwa Kenya kwa jina la Ua Kayongo. Neno "ua" hapo ni amri ya kuua, lakini Kiswahili kimetupa maana mbili katika sauti moja: lililo ua ndilo la kuuawa. Na aliuaye bila kutambua kwanza hupiga gizani.

JUA LA UTOSI

Busia na Tororo ziko chini ya digrii moja kaskazini mwa ikweta. Mwezi Machi na mwezi Septemba jua hupita karibu kabisa juu ya utosi. Tena si saa 6 kamili, bali yapata saa 6 na dakika 45 mchana, kwa kuwa saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari wa digrii 45 mashariki, nasi twakaa kwenye digrii 34. Wakati huo nuru huanguka wima kama mchi juu ya kinu. Petali za juu huwaka hadi rangi yake hupotea, na yaliyo chini ya petali, yaani mrija na kikombe, huzama katika kivuli cheusi.

Kosa si la kamera. Jicho la mwanadamu hutazama mahali peupe na mahali peusi kwa zamu na kujirekebisha, lakini kamera hutakiwa kuvipokea vyote kwa mara moja, nayo haiwezi. Joy Adamson, aliyepata sifa duniani kwa kitabu chake cha simba Elsa mwaka 1960, kabla ya hapo alikuwa amechora mamia ya picha za maua ya Kenya kwa rangi na brashi. Mchoraji ana nafasi ya kukiacha kivuli kisichomfaa. Mpiga picha hana nafasi hiyo. Hana budi kukiondoa kivuli palepale shambani, kabla ya kubonyeza.

Asili ya kivuli kikali ni hii. Jua, ingawa ni kubwa mno, laonekana kutoka duniani kama kisahani chenye upana wa nusu digrii. Nuru itokayo mahali padogo hutoa kivuli chenye ukingo mkali kama wembe. Nuru itokayo mahali papana huzunguka kitu pande nyingi, na kivuli chake huwa laini. Wingu jeupe likipita mbele ya jua, mbingu yote huwa ndiyo taa. Lakini wingu halipokei amri. Tororo hasa yasifika kwa radi: kitabu cha rekodi cha Guinness kimeitaja kwa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka katika miaka 10 ya 1967 hadi 1976. Mahali kama hapo mbingu hubadilika kabla mtu hajakunja miguu kuchuchumaa. Yafaa basi tubebe wingu letu wenyewe.

PAZIA: KULAINISHA NURU

Chombo cha kwanza ni pazia. Ni kitambaa cheupe chepesi kinachopitisha nuru, kilichonyooshwa juu ya fremu ya fito yenye upana wa mita moja hivi. Bafta nyepesi yafaa, na melimeli yafaa zaidi. Karatasi nyeupe ya kunakilia ramani, ambayo askari wengi waijua, hutosha kwa ua moja. Chandarua kilichochakaa kikikunjwa mara mbili au tatu hufanya kazi hiyo pia, lakini chandarua kizima kiachwe kitandani, kwa maana Tororo ni nchi ya malaria.

Pazia huwekwa kati ya jua na ua. Kanuni yake ni moja: likiwa karibu, nuru huwa laini zaidi, kwa kuwa mbele ya ua hilo pazia ndilo limekuwa jua, tena jua pana. Lishikwe kiasi cha sentimita 30 au 40 juu ya ua, nje kidogo ya mpaka wa picha. Likiinuliwa mita tatu, litakuwa dogo tena machoni pa ua na kivuli kitarudi.

Mambo matatu yaangaliwe. La kwanza, rangi. Kitambaa kiwe cheupe kweli, kwa sababu kitambaa cha manjano hupaka ua zima umanjano, na zambarau hugeuka kahawia. La pili, kiasi cha nuru. Pazia hula nusu ya nuru, au robo tatu yake. Mwenye kamera ya filamu ya kasi 100, ambaye katika jua kali angetumia tundu la f/16 na muda wa 1/125 ya sekunde, afungue hadi f/11 au f/8. Mwenye simu aguse ua kwenye kioo cha simu ili kamera ilipime hilo na si mbingu, kisha apunguze mwanga kidogo hadi mishipa ya petali ionekane. La tatu, mandhari ya nyuma. Ua likiwa ndani ya kivuli cha pazia na majani ya nyuma yakiwa juani, nyuma patang'aa na kulimeza ua. Mwenzako asimame mahali ambapo kivuli chake kitaanguka juu ya majani hayo.

KIAKISI: KUIRUDISHA NURU

Pazia likishalainisha nuru ya juu, bado upande wa chini wa ua hubaki na giza. Hapo hutumika chombo cha pili, kiakisi, ambacho huipokea nuru na kuirudisha mahali ilipokosekana. Kiakisi bora kwa kazi yetu ni karatasi nyeupe ngumu ya ukubwa wa daftari kubwa. Ukuta uliopakwa chokaa ni kiakisi. Shati jeupe la raia ni kiakisi. Karatasi ing'aayo ya ndani ya pakiti za sigara, ikikunjwakunjwa kisha ikabandikwa juu ya ubao, hurudisha nuru kwa nguvu zaidi.

Kiakisi huwekwa upande ulio kinyume cha jua, chini kidogo ya ua, kisha husogezwa polepole huku macho yakitazama kivuli na si kiakisi chenyewe. Kivuli kikianza kufunguka na mistari ya kikombe ikaonekana, hapo ndipo pa kusimama. Kisisogezwe hadi kivuli kiishe kabisa. Ua lisilo na kivuli chochote huonekana kama limebandikwa kwenye karatasi, na upindo wa mrija, ambao ndio alama ya kayongo, hautambulikani. Nuru itokayo chini ikizidi ile ya juu, ua hupata sura ngeni, kama uso wa mtu aliyejimulika kidevuni kwa tochi.

Askari ajihadhari pia na viakisi asivyovikusudia. Udongo mwekundu hurusha wekundu. Sare ya kijani ikiwa karibu mno na ua hulitupia ukijani. Kioo kitupu kisitumike, kwani nuru yake ni kali kama ya jua lenyewe. Isitoshe, mimweko ya kioo karibu na barabara ya malori humpofusha dereva, na karibu na mpaka humtia mlinzi wasiwasi: majeshi ya zamani yalipelekeana habari kwa mimweko ya namna hiyo.

JARIBIO SHAMBANI

Ili kupima maneno haya tulipiga picha tatu za kayongo moja katika shamba lililo kati ya Tororo na Malaba, yapata saa 7 mchana, kwa idhini ya mwenye shamba, mama mtu mzima ambaye mtama wake ulikuwa umedumaa mstari baada ya mstari. Picha ya kwanza tuliipiga katika jua tupu, ya pili chini ya pazia, ya tatu chini ya pazia pamoja na kiakisi cheupe. Kisha tulimwonyesha moja baada ya nyingine bila kumweleza tofauti.

"Je, mama, hili walijua?"

Picha ya kwanza aliitazama kwa adabu. "Ni maua, mwanangu. Ni mazuri."

Ya pili aliisogeza karibu na macho, wala hakusema neno.

Ya tatu aliishika kwa mikono miwili. "Hili ndilo," akasema. "Hili ndilo linalokula mtama wangu. Tazama shingo yake ilivyopinda."

Hatujui kipimo cha picha kilicho bora kuliko hicho. Mmea ulikuwa mmoja na kamera ilikuwa moja. Kilichobadilika ni kipande cha bafta na karatasi nyeupe.

NURU KALI INA KAZI YAKE

Msomaji wa polisi asije akachukua makala haya kuwa hukumu dhidi ya kila kivuli. Alama ya kiatu katika vumbi, au ya gurudumu katika tope lililokauka, husomwa kwa vivuli vyake. Hiyo hutaka nuru kali itokayo pembeni, chini chini, ili kila kijibonde kitupe kivuli. Mpelelezi akiifunika kwa pazia, ataifuta kwa mikono yake. Hekima ni kujiuliza kwanza: picha hii yatakiwa kuonyesha nini? Ikiwa ni umbo la bonde na kilima katika udongo, acha vivuli viseme. Ikiwa ni rangi na viungo vidogo vya ua, vilainishe.

Ipo desturi moja ya upelelezi ambayo mpiga picha wa maua aige: kuweka rula pembeni ya kitu. Katika picha ya kwanza ya kila mmea iwekwe rula na kipande cha karatasi nyeupe. Rula huonyesha ukubwa. Karatasi humjulisha mtazamaji weupe ulikuwaje wakati ule, ili apime rangi ya ua kwa haki.

Kwa kila mmea picha nne zatosha: mmea mzima pamoja na nafaka iliyo jirani yake, shuke la maua kwa mbele, ua moja kwa ubavu, mrija na kikombe vikionekana, na jani, juu na chini. Pamoja nazo yaandikwe jina la kijiji, tarehe, na zao lililopandwa. Picha hizo afisa kilimo wa Busia au wa Tororo aweza kuzisoma bila kutoka ofisini, naye aliye ng'ambo ya mpaka aweza kuzisoma vilevile.

YANAYOTUPASA

Kayongo huchanua mahindi ya masika yanapobeba, nao ndio wakati wa mwisho wa kulidhibiti msimu huo. Kutoka kuchanua hadi kumwaga mbegu ni majuma machache tu. Lililotambuliwa liking'olewa kabla ya mbegu na kuchomwa moto palepale, shamba limepunguziwa mzigo wa miaka. Liking'olewa baada ya mbegu na kutupwa njiani, kazi imekuwa ya kumsaidia adui.

Kwa hiyo askari aliye likizo au aliye kazini katika nchi hii ya mpakani azingatie haya. Aombe ruhusa ya mwenye shamba kabla ya kuingia. Asielekeze kamera kwenye vituo, madaraja wala kambi, hata kama ua limeota hapo. Ngurumo zikianza, ashushe fito za pazia na kuondoka uwandani. Atokapo shambani akwangue tope la buti zake papo hapo, asiende nalo shamba la jirani. Na kabla ya kubonyeza, ajiulize swali lile ambalo hujiuliza kabla ya kutia sahihi taarifa yake: je, mtu ambaye hakuwapo, akiiona hii, atajua kweli kilichokuwapo?

Akiwa na shaka, aisogeze karatasi nyeupe karibu kidogo, akitazame kivuli tena, kisha apige.